Gisi ya kufufua randa ya chuma ya zamani, hatua kwa hatua

Kila wiki kuko mtu ananiuliza hii swali. Wengine banakuja nayo ku atelye imefungwa mu gunia, wengine banatuma paka picha usiku: "Mukubwa, nilipata rabo ya chuma ku soko ya Kadutu, iko na kutu yote, kisu haikati, nifanye nini?" Mi minajibu, kesho mwingine anauliza ile ile, kwa hiyo leo minaandika yote mara moja, kila mtu asome apate yake.

Mi minaita randa, we ukiita rabo ni sawa, ni chombo moja. Minasema juu ya ile ya chuma nzima, yenye nati ya shaba nyuma ya kisu na kishikio ya mbao, si ile ya mbao ya kurekebisha na nyundo. Karibu zote zinafuata mpango ya Leonard Bailey, Mmarekani moja aliyepata hati ya uvumbuzi mu 1867, kampani ya Stanley ikanunua mambo yake mu 1869, kisha Record ya Sheffield kule Uingereza nayo ikaanza kutengeneza za namna ile mu 1931. Ni vizuri ujue hii juu mpango ni moja: ukijua kufungua moja unajua zote, na mara nyingi kisu ya moja inaingia mu ingine kama upana ni sawa.

Za zamani zinapatikana hapa Bukavu kuliko batu banavyofikiri. Zingine zilitoka ku maatelye ya misioni, zingine zinaingia na mitumba ya vyombo kutoka Ulaya, zingine ni za babu ya mtu zilikuwa chini ya kitanda. Na minakuambia kweli, ile ya zamani yenye kutu inashinda ile mpya ya bei rahisi ya kenkayeri (duka ya vyombo), juu ile mpya mara nyingi kisu ni laini na kiti ya kisu, pale kisu inalala, wamepaka tu rangi juu ya chuma yenye vilima. Ya zamani inaomba paka siku mbili za mikono yako.

Mbele ya kununua

Angalia namba, mara nyingi iko imeandikwa juu ya chuma, mbele ao nyuma. Namba 4 iko na urefu ya karibu sentimita 25, namba 5 karibu 35, namba 7 karibu 56. Kama ni ya kwanza chukua 5, inafanya milango, vitanda, meza, yote. 

Tafuta ufa. Hii chuma ni ya kumiminwa, ni ngumu lakini inavunjika sawa sahani, ikianguka ku sima imeisha. Ufa unakaa mara nyingi kando ya mdomo, pale kisu inatokea, na ku mbavu mbili za kando. Ninginiza randa na kidole, uigonge na funguo: ikilia sawa kengele ni nzima, ikilia sawa bati yenye kupasuka iache. Na ile walishachomelea usinunue hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake.

Angalia kisu pia. Kuko tundu refu katikati yake, kutoka mwisho wa ile tundu mpaka ku makali ikibaki chini ya sentimita 2, kisu imekaribia kuisha, basi punguza bei.

Vitu yenye unahitaji

Kioo nene, ya milimita 8 ao 10, urefu ishinde randa yako. Batu ya madirisha banauza vipande vya kubakia. Kama haupate kioo, kipande ya marumaru ao granito yenye walikata juu ya meza za jikoni, ile ni nzuri kuliko kioo.

Msasa. Tafuta ile nyeusi ya kutumia na maji, batu ya kupaka rangi magari njo banayo: namba 80, 120, 180, 240 kwa chuma, na 400, 800, 1000, 2000 kwa kisu. Ya 80 nunua mingi, karatasi tano ao sita, juu njo inatumika kazi yote nzito.

Tupa moja laini ya bapa, tupa ndogo ya pembe tatu, brosi ya nyaya, turnevisi kubwa yenye ncha ya kujaza mfereji ya visi, ekere ya kupima pembe, rula ya chuma yenye imenyooka kweli, markere nyeusi, petroli ya taa, mafuta ya moteri, vinegre lita mbili tatu, bikarbonati, vitambaa. Na zile kale za makanika, zile majani ya chuma ya kupima nafasi ya bugi, kama unaweza kuazima jani ya 0,05 milimita itakusaidia sana.

Diskezi, ile mashine ya umeme ya kusaga chuma na diski, hatuiite hapa. Minarudia tena chini, lakini jua mapema.

Kazi yenyewe

1. Fungua yote, kila kitu. Piga picha mbele ya kufungua, na tia visi zote mu kopo moja yenye kifuniko. Sikiliza vizuri hapa: hizi visi si za milimita, nyuzi zake ni za kizamani na za kwao wenyewe, ukipoteza moja unaweza kuzunguka Kadutu yote mpaka Nyawera na haupati ingine. Visi ikikataa usilazimishe, tia petroli ya taa kidogo na mafuta ya moteri, lala, kesho utaijaribu tena. Kama bado, igonge kichwa pole na nyundo ndogo turnevisi ikiwa ndani, kisha zungusha kwanza kama unakaza, nusu ya nusu, halafu ndio ufungue.

Nati ya shaba ya nyuma, ile ya kutoa na kurudisha kisu, mara nyingi inafunguka kinyume. Batu banavunja ile kidude yake hapa kila mara, banafikiri imeganda kumbe banaikaza. Jaribu upande zote mbili na vidole, bila playa.

2. Toa mafuta ya zamani na petroli ya taa, kisha toa kutu. Kutu ya juu juu inatoka na brosi ya nyaya na mafuta kidogo. Kutu ya ndani, lalisha vyuma mu vinegre masaa 12, haizidi 24, angalia katikati, toa, sugua. Shaba usiiweke pamoja, wala kishikio ya mbao. Ukitoa mu vinegre osha na maji yenye bikarbonati, juu ile asidi ikibaki mu vitundu vidogo kutu inarudi ile siku yenyewe, kausha ku jua ao karibu na mbabula, na paka mafuta wakati chuma ingali na joto. Hapa kwetu hewa ya ziwa na mvua haichezi, chuma tupu ukiiacha usiku moja bila mafuta asubuhi iko machungwa.

Asidi ya batri ya gari hapana. Najua kuko wenye banafanya. Inakula chuma bila kuchagua, mvuke yake inaharibu kifua, na kisu inaweza kupasuka makali baadaye. Na kama randa wameipaka rangi ya zamani usiisugue kavu, tia maji, juu rangi za zamani zingine ziko na risasi na lile vumbi linaingia mu mapafu yako na ya batoto banachezea pale.

3. Kiti ya kisu. Hapa njo batu karibu bote banaruka, na hapa njo siri yote iko, kwa hiyo minachelewa kidogo.

Kiti ni ile chuma yenye kuinama ku digri 45 ndani ya randa, kisu inalala juu yake. Kama kisu hailali vizuri, inatetemeka, na ikitetemeka hata uinoe sawa wembe itakupa mbao yenye mistari mistari. Paka markere uso yote ya kiti. Chukua kisu yenyewe, ilaze pale, isogeze juu chini mara kumi ukikamata na kidole. Toa uangalie. Pale markere imefutika pako juu, pale ingali nyeusi pako chini. Mara nyingi utaona imefutika pahali pawili tatu pa kiduchu sawa kucha, maana yake kisu yako ilikuwa inasimama juu ya nukta tatu miaka yote ile.

Sasa tupa laini. Usisukume kwa nguvu, laza tupa bapa, pita paka juu ya zile nukta, mara tatu ao ine, futa, paka markere tena, jaribu tena. Mara tatu ya tupa, mara moja ya kuangalia. Hautafuti uso yote iguse, tafuta iguse chini kabisa karibu na mdomo, kutoka kushoto mpaka kulia, na juu pande zote mbili. Ile ya chini njo ya maana kuliko zote. Angalia pia pale kiti yenyewe inakaa juu ya mwili ya randa: toa rangi, toa uchafu, toa kamba ya chuma (ule ukali mdogo wenye kubaki ku ukingo) kama iko, lakini usikate mingi. Ukiiweka bila visi haipaswi kucheza hata kidogo.

Niko na kijana moja ku atelye, mikono yake mizuri, alinunua namba 5 akainoa siku tatu mfululizo, akanyoosha chini yote, na ikaendelea kulia trrrr ku kila mbao. Alitaka kuiuza. Tulifungua pamoja, tukakuta chini ya kiti tone ya rangi ya zamani, kavu, ndogo sawa chembe ya mchele. Aliikwangua na kisu ya jikoni, akarudisha, akapiga sipres, maranda ikatoka ndefu bila sauti. Siku tatu juu ya chembe ya rangi. Njo maana minasema anza ndani, chini itafuata.

4. Kontrefere, ile chuma ya pili yenye kukaa juu ya kisu na kuvunja maranda. Midomo yake lazima ilale juu ya kisu bila nafasi. Unganisha zote mbili, inua ku mwangaza ya dirisha, ukiona mwangaza inapita hata sawa unywele, maranda itaingia pale na kuziba kila dakika mbili. Laza ule mdomo juu ya msasa 240 juu ya kioo, mkia ya kontrefere ishuke kidogo chini ya uso ya kioo ili iguse paka ncha kabisa, vuta kuelekea kwako mpaka mstari moja mwembamba ionekane kutoka kona mpaka kona. Kisha mgongo yake, pale maranda inapanda, isugue na 400 na 800 ing'ae. Ni kazi ya dakika ishirini.

5. Sasa njo semele, yaani chini ya randa, ile inateleza juu ya mbao. Mbele ya kuanza unganisha randa yote tena: kiti, kisu, kontrefere, kibanio (ile chuma ya juu yenye kufinya kisu) imekazwa sawa vile utakuwa unatumikisha, lakini kisu imerudishwa ndani milimita chache isiguse kitu. Batu bananiuliza juu ya nini. Juu visi na kibanio zinavuta ile chuma na kuipinda kidogo sana, ukinyoosha ikiwa tupu kisha ukaza, haiko tena bapa. 

Chora mistari ya markere semele yote, kukata kushoto kulia. Bandika msasa 80 juu ya kioo, tumia gundi kidogo ao maji, kioo ikae ku meza yenye haipindi. Kamata randa chini, karibu na semele, si ku kishikio, juu ukisukuma toka juu inayumba na unakula mbele na nyuma, unabaki na tumbo ya mtumbwi. Sukuma mara ishirini, safisha unga wa chuma, geuza randa upande ingine, mara ishirini tena, angalia markere.

Utaona nyeusi inabaki pahali. Kama imebaki katikati, chini ya mdomo, iko na shimo, endelea. Kama imebaki ku ncha mbili, ni tumbo, nayo ni ngumu kidogo juu inataka kuyumba, hapo sukuma na akili, uzito yote katikati. Mapande ya lazima kuguswa ni haya: ncha ya mbele, pale mbele kabisa ya mdomo, na mkia ya nyuma. Zikifutika zote tatu, imetosha. Shimo ndogo mahali pengine iache, haina shida, usitafute kioo. Pima na rula na ile jani ya 0,05, ikikataa kupita pale mbele ya mdomo uko sawa kabisa.

Itachukua saa moja ao tatu, kila randa na kichwa yake. Msasa ikiacha kukata badilisha, usiwe na uchoyo, msasa yenye imekufa inakufanya usukume kwa nguvu na nguvu njo inayumbisha. Kisha 120, 180, 240, mara chache chache tu kwa kutoa mikwaruzo. 

Na diskezi, nilisema nitarudia. Niliwahi kununua namba 7 nzuri sana, mtu alikuwa amepitisha diskezi chini kwa kutoa kutu haraka. Ilikuwa na mashimo ya mviringo sawa barabara ya mvua. Nilisugua siku ine. Kutu ya nusu milimita inatoka na mkono, lakini shimo ya diskezi inakulazimisha kushusha semele yote mpaka chini ya ile shimo, na mdomo inapanuka. Hata ile brosi ya nyaya ya kufunga ku mashine, pole, na miwani ku macho.

6. Mbavu za kando, piga ekere, kama hauna kazi ya kupitisha randa ikilala upande acha, safisha tu.

7. Mdomo. Tupa ya pembe tatu, pita pole ku ukingo ya mbele kama iko na meno ao imepinda, uchore kwanza mstari na ekere. Usipanue. Kwa kazi ya kumaliza nafasi mbele ya kisu iwe milimita moja ao chini yake, na hiyo unaipata kwa kusogeza kiti mbele, si kwa tupa. Chuma ukiitoa hairudi.

8. Kisu. Geuza mgongo yake, ile upande bapa, sugua juu ya kioo na 240, 400, 800, mpaka sentimita moja karibu na makali ing'ae yote. Sehemu ya juu usijisumbue. Kama kutu imekula vitundu pale pale ku makali, kata mbele mpaka uvipite.

Halafu ule mteremko. Digri 25 kwa kuchonga, 30 kwa makali yenyewe. Hauna cha kupimia? Pima unene ya kisu: mteremko ikiwa na upana mara mbili ya unene, ni digri 30. Ikiwa karibu mara mbili na nusu, uko ku 25. Kisu ya milimita 2, mteremko ya milimita 4 ni 30, karibu 5 ni 25. 

Ukitumia jiwe ya umeme, hapo macho wazi. Hii chuma inapoteza ugumu ikipita digri mia mbili na kitu. Ku makali itaanza kuwa manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu, na ikifika bluu pale imekufa, haitashika makali tena, lazima ukate ile sehemu yote. Kopo ya maji kando, gusa jiwe kidogo, chovya, kila mara kidole kikisikia moto chovya. Mi ningependa uchonge na mkono juu ya msasa 80, ni pole lakini hata SNEL ikikata umeme unaendelea.

Kumaliza: 400, 800, 1000, 2000, maji kidogo, kukamata pembe moja bila kutikisa mkono. Utasikia kamba ndogo ya chuma imejikunja upande ya mgongo, ipitie na kidole toka mgongo kuelekea nje, si kando. Ikisikika kutoka kona mpaka kona, geuza, laza mgongo bapa kabisa ku 2000, vuta mara tano, geuza tena, mpaka itoke. Kisha mkanda ya ngozi ya zamani, vuta nyuma mara ishirini. Kona mbili za kisu zizungushe kidogo kidogo na 1000, zisiache mistari ku mbao. Jaribu ku nywele za mkono ao ku kichwa ya mbao ya sipres, pale nyuzi zimekatwa, ikikata kichwa ya sipres ikiwa laini bila kuponda, iko tayari.

9. Kishikio. Nyingi zinafika zimevunjika pembe ya juu. Za zamani walitumia mti mwekundu ya thamani, hapa kwetu mbao ya libuyu inafanya vizuri. Nyuzi za mbao zilale kwenda mbele na nyuma, sambamba na semele, na upime visi ndefu ya ndani mbele: kama kishikio mpya ni fupi kidogo visi itafika mwisho bila kukaza na kishikio itacheza, hapo kata ile visi milimita moja mbili na tupa.

10. Unganisha na ujaribu. Kontrefere weka nyuma ya makali milimita 1 na nusu kwa kazi nzito, nusu milimita kwa kumaliza. Kwa libuyu shusha mpaka karibu 0,3, juu libuyu nyuzi zake zinageukageuka, mkanda moja inaenda huku ingine kule, na bila kontrefere karibu inang'oka vipande hata kisu iwe kali gisi gani. Mikaratusi kavu ya Kabare nayo ni vile vile. Visi za kiti kaza vizuri, kibanio isikaze sana: kidole gumba iweze kuifunga bila kuumia, nati ya shaba iweze kuzunguka.

Geuza randa, angalia semele ku mwangaza toka mbele, toa kisu pole mpaka uone mstari mweusi mwembamba, sogeza kile kifimbo cha nyuma kushoto ao kulia mpaka mstari iwe sawa pande zote, kisha rudisha kisu ndani kabisa na utoe tena kidogo kidogo ukijaribu juu ya mbao. Anza na kipande ya sipres. Kila mara malizia kwa kutoa kisu mbele, si kwa kurudisha, juu nati iko na nafasi ya kucheza na kisu itarudi nyuma ukisukuma. Paka mshumaa chini ya semele, utasikia tofauti ile dakika.

Kama bado haifanyi

Inatetemeka na kuacha mistari ya ngazi: rudi hatua ya 3, karibu kila mara ni kiti. Ikiwa kiti ni sawa, kisu imetoka sana ao kibanio ni legevu.

Maranda inaziba mdomoni: kontrefere iko na nafasi, ao mdomo ni mdogo kwa unene unaokata. Usichokoe na turnevisi, unaharibu makali, tumia kijiti.

Inakata upande moja: kifimbo kwanza, kisha angalia kama makali iko sawa na ekere.

Inang'oa mbao: geuza mbao, nyuzi zinapanda upande ingine. Bado? Shusha kontrefere, punguza kisu, noa.

Inakata mbele na nyuma ya mbao lakini katikati haigusi: hapo mbao yako njo iko na shimo, endelea tu kupita. Kama umehakikisha mbao ni bapa, semele iko na shimo, rudi ku kioo.

Nati ya shaba inazunguka bure nusu mzunguko, hata moja nzima, mbele ya kisu kusogea: ni kawaida ya hizi randa, usiifungue kutafuta dawa.

Makali inaisha upesi, saa moja tu: kama iliona bluu unajua. Kama hapana, labda ulinoa chini ya digri 25, nyembamba sana kwa mikaratusi, panda mpaka 30 ao hata 33.

Kutu inarudi: mafuta ya moteri mepesi ku kitambaa, pita yote jioni kila siku. Mafuta ya mawese ao ya kupikia usitumie, inakauka na kunata sawa gundi, visi zote zitashikana. Na usiiweke chini ku sima, ilaze juu ya ubao kavu, semele ikae ku kipande ya mti mwembamba ili kisu isiguse, mbali na dirisha lenye mvua inapiga.